Sauti na Picha Zikipishana kwenye Kompyuta Uliyojiundia: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa na Kulirekebisha

Kompyuta inayouzwa ikiwa nzima hutoka kiwandani na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa) na sehemu zilizokwisha kujaribiwa pamoja. Ile uliyojiundia mwenyewe ina mazabodi iliyotoka Luthuli Avenue, Nairobi, kwa basi la usiku, kadi ya grafiki iliyotumika, runinga ya sebuleni badala ya monita, na labda spika ya Bluetooth. Hakuna aliyewahi kuviweka vitu hivyo mahali pamoja kabla yako. Kwa hivyo midomo ikienda zake na sauti ikienda zake, usishangae, wala usikimbilie kupiga Windows upya. Hiyo ndiyo dawa inayotajwa kwanza kila mahali, kuanzia Kondele, Kisumu, hadi Nakuru mjini, na ni nadra sana kutibu ugonjwa huu.

Kazi ya kwanza ni kujua pengo kati ya sauti na picha lina tabia gani. Kuna tabia tatu, na kila moja inaelekeza kwenye chanzo tofauti kabisa.

Tabia tatu za pengo

Chukua video ya mtu anayezungumza akiitazama kamera, yenye urefu wa angalau dakika 30. Taarifa ya habari au mahubiri yanafaa. Itazame mwanzoni, katikati na mwishoni.

Pengo likiwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, kuna kitu njiani kinachochelewesha upande mmoja: runinga, Bluetooth, au faili lenyewe limeunganishwa vibaya.

Pengo likianza dogo na kukua kadiri dakika zinavyosonga, kuna saa mbili (vipima muda) zisizolingana. Karibu kila mara kosa liko kwenye faili au kwenye jinsi lilivyorekodiwa. Mashine yako haina hatia.

Pengo likija na kuondoka, picha ikikwama kidogo kisha ikikimbia, mashine inashindwa kwenda na kasi ya video. Hapa ndipo draiva, joto na uwezo wa kadi ya grafiki vinapohusika.

Sasa fanya majaribio mawili kabla ya kubadilisha mpangilio wowote. La kwanza: nakili faili hilohilo kwenye simu na ulicheze huko. Simu nayo ikikosea vilevile, faili ndilo bovu. La pili: chomeka vipokea sauti vya waya kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, uondoe runinga na Bluetooth kwenye njia ya sauti, kisha tazama tena. Majaribio haya mawili huchukua dakika kumi na huondoa nusu ya washukiwa.

Kwa nini picha ndiyo huumia

Programu ya kuchezea video huhitaji kipima muda kimoja cha kufuata, na nyingi hufuata saa ya kadi ya sauti. Sababu ni kwamba sikio hugundua mkato mdogo sana, ilhali jicho husamehe fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video) iliyopotea. Sauti huachwa itiririke, picha ikalazimishwa kuifuata. Fremu ikichelewa hutupwa na inayofuata kuchukuliwa. Ndiyo maana mashine iliyolemewa hutoa sauti safi kabisa huku picha ikikokota miguu. Ukisikia sauti ikikwaruza au kukatikakatika pamoja na picha kukwama, tatizo limeshuka chini zaidi, mara nyingi kwenye draiva, na lina sehemu yake hapa chini.

Jambo jingine la kujua ni kiasi gani cha pengo mtu hukitambua. Pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lililotolewa 1998, linaweka kizingiti cha kutambua kwenye takriban milisekunde 45 sauti ikitangulia, na 125 sauti ikichelewa. Kuvumilia hufika kikomo kwenye 90 na 185. Angalia jinsi upande mmoja ulivyo mkali kuliko mwingine. Tumezoea sauti kufika nyuma ya mwanga: mtu anayepasua kuni umbali wa mita 34, kishindo chake hukufikia takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kuona shoka likitua. Sauti kutangulia picha ni jambo lisilo la kawaida, na ubongo hulikataa haraka. Ukishindwa kupata sifuri kamili, bakia upande wa sauti kuchelewa kidogo.

Kupima pengo kwa namba

Kubahatisha kwa macho kutakupotezea jioni nzima. Tengeneza video ya majaribio inayomulika nyeupe na kulia papo hapo kila baada ya sekunde 2. Unahitaji ffmpeg, programu ya kugeuza video na sauti kwa amri za kuandika. Kwenye Windows 10 au 11 fungua dirisha la amri uandike:

`winget install Gyan.FFmpeg`

Funga dirisha, fungua jingine, kisha andika amri hii kwenye mstari mmoja:

`ffmpeg -f lavfi -i "color=c=black:s=1280x720:r=60,drawbox=c=white:t=fill:enable='lt(mod(t,2),0.06)'" -f lavfi -i "aevalsrc='if(lt(mod(t,2),0.06),sin(2*PI*1000*t),0)':s=48000" -t 1800 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac jaribio.mp4`

Utapata faili la dakika 30. Licheze, rekodi skrini kwa simu iliyowekwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, ukiishika karibu na spika. Hamisha rekodi hiyo kwenye kompyuta na uifungue kwa mpv, programu ya kuchezea video, ambapo kitufe cha nukta husogeza fremu moja mbele na cha mkato hurudisha nyuma. Pata fremu ya kwanza nyeupe na usome muda wake. Kisha fungua sauti ya rekodi hiyohiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na usome mlio unaanzia wapi. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo pengo lako, na kila fremu ina takriban milisekunde 17.

Simu nayo ina pengo lake dogo. Kabla ya kuiamini, irekodi mikono yako ikipiga kofi moja na upime kwa njia hiyohiyo. Simu ikionyesha sauti imetangulia kwa 20, toa 20 hizo kwenye kila kipimo. Wengi huruka hatua hii, kisha wanasahihisha kompyuta ifanane na kosa la simu.

Pengo lisilobadilika

Anza na runinga, kwa sababu hapa kwetu ndiyo monita ya wengi. Runinga hupokea picha, huilainisha, huipanua, huongeza fremu za kubuni katikati ya fremu halisi, ndipo huionyesha. Kazi hiyo inaweza kula zaidi ya milisekunde 100. Sauti ikitoka kwenye spika za runinga yenyewe, runinga huichelewesha iende sambamba. Lakini sauti ikitoka moja kwa moja kwenye kompyuta kwenda kwa spika zako za subufa, haina habari na ucheleweshaji huo, na itatangulia.

Tiba: washa hali ya mchezo kwenye runinga, au ipe tundu la HDMI unalotumia jina la PC. Runinga nyingi hubadilisha tabia kwa kupewa jina hilo tu. Zima kila kilainishi cha mwendo. Ikiwa pengo limebaki, pitisha sauti kwa HDMI hadi kwenye runinga, kisha uchukue sauti kutoka tundu la runinga kwenda kwa subufa.

Bluetooth ni mshukiwa wa pili. Kodeki (njia ya kubana na kufungua sauti au video) ya kawaida, SBC, huongeza takriban milisekunde 150 hadi 250 kati ya kompyuta na sikio. Programu nyingi za video huuliza mfumo ucheleweshaji huo ni wa kiasi gani na kuizuia picha ingoje, hivyo filamu huonekana sawa. Michezo haina ujanja huo kwa sababu picha hufuata mkono wako. Ukicheza mpira kwa Bluetooth utasikia shuti baada ya goli. Hakuna mpangilio utakaoondoa hilo. Tumia waya.

Kwa aliyejiundia mashine kuna kosa moja la ziada: kichomeo kidogo cha Bluetooth kikiwekwa nyuma ya kesi ya chuma, jirani na matundu ya USB 3.0. Matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth huyatumia, sauti huanza kukatika, na kila ikirudi huwa na ucheleweshaji mpya. Kihamishe kwenye tundu la USB 2.0 la mbele, au kitoe nje kwa waya wa nusu mita.

Pia zima viboresho vya sauti. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Sound, bofya kifaa chako, na kwenye Audio enhancements chagua Off. Kama uliweka programu ya kuchanganya sauti yenye vifaa bandia, kila kituo sauti inachopitia kinaongeza kuchelewa. Iondoe uone tofauti.

Kosa likiwa kwenye faili, VLC itakusaidia kwa haraka: kitufe K huchelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ukikibonyeza, J huiwahisha. Kwenye mpv shikilia Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha au ya kutoa, hatua ni milisekunde 100. Marekebisho hayo ni ya kutazamia tu. Ukifunga programu yamekwenda. Kulitibu faili lenyewe kwa kuichelewesha sauti milisekunde 300, bila kupunguza ubora:

`ffmpeg -i filamu.mp4 -itsoffset 0.3 -i filamu.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy filamu_sawa.mp4`

Sauti ikihitaji kuwahishwa, weka -0.3. Filamu za kutafsiriwa na madijei, zile zinazopakiwa kwenye flashi vibandani, mara nyingi huwa na pengo la namna hii lililochomwa ndani tangu dijei alipoweka sauti yake juu ya picha. Usiitie mashine makosa.

Pengo la kurukaruka

Hapa ndipo penye kazi. Fuata mpangilio huu, kwa sababu makosa ya mwanzo ni ya kawaida zaidi na ni ya bure kurekebisha.

1. Angalia waya wa skrini umechomekwa wapi. Kama umeweka kadi ya grafiki, waya wa HDMI unapaswa kuingia kwenye kadi, yale matundu yaliyolala chini zaidi nyuma ya kesi. Ukichomekwa kwenye mazabodi, kadi uliyoinunua inakaa bure.

2. Fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukiona Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya grafiki haipo, na prosesa inachora kila kitu peke yake. Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe: Intel, AMD au NVIDIA.

3. Ondoa ramu na uzirudishe mahali pake. Vijiti viwili kwenye mazabodi yenye nafasi nne kwa kawaida huingia nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Vikiwekwa vibaya hufanya kazi kama njia moja. Grafiki iliyo ndani ya prosesa hutegemea ramu hiyohiyo, kwa hivyo kupoteza njia moja ni kupunguza nusu ya upana wake. Kijiti kimoja cha GB 8 kwenye mashine isiyo na kadi ni chanzo cha kawaida cha video nzito kukwama.

4. Angalia kama vifaa vyako vinaweza kuifungua kodeki ya video kwa chipu maalum.

Hatua ya nne inahitaji maelezo. Mashine nyingi zinazojengwa Kisumu, Kakamega na Eldoret huanzia kwenye kompyuta za ofisi za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne. Hizo hufungua kodeki ya H.264 vizuri sana, lakini hazina chipu kamili ya kodeki za HEVC wala VP9. Kizazi cha sita kilileta HEVC ya biti 8. Cha saba kikaleta HEVC ya biti 10 na VP9. AV1 ilianza kwenye kizazi cha kumi na moja. Upande wa kadi: GT 710 na GTX 750 Ti huishia H.264, GT 1030 na GTX 1050 hufungua HEVC na VP9, AV1 inahitaji NVIDIA kuanzia mfululizo wa RTX 30 au AMD kuanzia RX 6000, isipokuwa RX 6400 na RX 6500 XT, ambazo hazina AV1. Muuzaji akikuambia kadi ni mpya kuliko nyingine, muulize kodeki, mwaka haujibu swali.

Chipu isipokuwepo, prosesa hufungua video kwa nguvu zake. Video ya 1080p itapita. Ya 4K ya VP9 itailemea Intel i5 ya nyuzi nne za kazi (threads), fremu zitaanza kutupwa, na utaona midomo ikichelewa.

Kujua kinachoendelea kwenye YouTube, bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Stats for nerds. Mstari wa Codecs ukianza na av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni H.264. Mstari wa Frames unaonyesha zilizotupwa. Wakati huohuo fungua Task Manager, Performance, GPU, na uangalie grafu ya Video Decode. Ikiwa imelala kwenye sifuri huku prosesa ikipanda zaidi ya asilimia 80, umempata mhalifu. Bila kununua chochote, weka kwenye kivinjari kiendelezi cha kulazimisha H.264, kama h264ify. YouTube italeta H.264, ambayo mara nyingi huishia 1080p, na mashine ya zamani itapumua. Hakikisha pia chrome://gpu inasema Video Decode ni Hardware accelerated. Faili za HEVC ulizonazo kwenye diski, zigeuze mara moja usiku:

`ffmpeg -i kanda.mkv -c:v libx264 -crf 20 -preset fast -pix_fmt yuv420p -c:a copy kanda_h264.mkv`

5. Pima joto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, cheza video nzito kwa dakika 20 na utazame joto la prosesa. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100. Kisumu mchana hufika nyuzi 30, na chini ya paa la mabati huzidi. Mashine iliyokuwa sawa saa tatu asubuhi inaweza kuanza kukwama saa nane. Kama pengo hutokea mchana na kutoweka usiku, usitafute zaidi. Toa feni, futa vumbi kwa brashi laini huku ukiizuia feni isizunguke, futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa. Kompyuta ya ex-UK yenye umri wa miaka kumi karibu kila mara ina pesti iliyokauka. Na kama kipoza ni kipya, kigeuze uhakikishe ule utando wa plastiki umetolewa.

6. Tafuta draiva inayoshikilia foleni. Dalili yake ni sauti kukwaruza pamoja na picha kusita. Pakua LatencyMon, programu inayopima draiva zinazochelewesha, bonyeza kitufe cha kuanza, cheza video kwa dakika 10, kisha fungua kichupo cha Drivers na upange kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji. ndis.sys ikiwa juu, ni mtandao: sasisha draiva ya Wi-Fi au uizime kwa muda na kutumia waya. nvlddmkm.sys ni ya NVIDIA: ondoa draiva kabisa na uweke upya. storport.sys huelekeza kwenye diski.

Kuhusu diski, watu huilaumu kupita kiasi. Video ya 4K kutoka simu hutumia takriban megabiti 50 kwa sekunde, yaani megabaiti 6 na ushei. Hata diski ya kuzunguka ya zamani hutoa mara kumi ya hiyo. Tatizo huja tu diski ikianza kufa: fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na kama mstari wa Current Pending Sector si sifuri, nakili kazi zako leo. Pawa saplai nayo haihusiki. Ikiwa dhaifu huzima mashine au kuiwasha upya, haicheleweshi sauti.

Pengo linalokua

Hesabu kidogo hapa itakuonyesha chanzo bila kufungua chochote. Pima pengo linakua kiasi gani kwa saa moja.

Likikua kwa takriban sekunde 3.6, kuna mchanganyiko wa fremu 23.976 na 24, au 29.97 na 30. Likikua kwa takriban dakika 2 na nusu, ni 23.976 na 25. Likikua kwa sehemu mbili hadi nne za kumi za sekunde, ni saa za vifaa viwili: kinasa sauti na kamera kila kimoja kina fuwele yake ya kuhesabu muda, na tofauti ya sehemu 50 kwa milioni huzaa sekunde 0.18 kwa saa. Kwenye ibada ya saa nne hiyo ni sekunde 0.72, na kila mtu atailalamikia.

Kurekebisha, chagua matukio mawili, moja karibu na mwanzo na jingine karibu na mwisho. Pima muda kati yake kwenye sauti, kisha kwenye picha. Gawanya wa sauti kwa wa picha. Mfano: sauti sekunde 3596.4, picha 3600, jibu ni 0.999.

`ffmpeg -i kanda.mp4 -c:v copy -af atempo=0.999 -c:a aac -b:a 192k kanda_sawa.mp4`

Atempo hubadilisha mwendo bila kubadilisha sauti ya mtu kuwa nzito au nyembamba. Kwa sauti ya fremu 25 juu ya picha ya 23.976, namba ni 0.95904. Likibaki pengo dogo lisilobadilika baada ya hapo, lirekebishe kwa -itsoffset.

Kanda za simu ni kisa cha peke yake. Simu hubadilisha kasi ya fremu kulingana na mwanga na joto, na programu za uhariri huzisoma kana kwamba kasi ni moja. Fungua faili kwa MediaInfo, programu ya kusoma maelezo ya video. Frame rate mode ikiwa Variable, ligeuze kabla ya kuliingiza kwenye uhariri:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -preset fast -af aresample=async=1000 -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k simu_sawa.mp4`

Kuligeuza baada ya kulikatakata ni kazi ya bure. Mikato yote itahama.

Kurusha ibada au matanga moja kwa moja

Mashine nyingi za kujiundia upande huu hulipa gharama zake kwa kazi hii: jamaa walioko ughaibuni wanataka kufuata mazishi ya Siaya au Vihiga kwenye simu. Kamera huingia kwa kadi ya kunasa picha (capture card), sauti huingia kutoka kwenye mixa ya maspika, na OBS, programu ya kurekodi na kurusha, huunganisha. Sauti ya mixa hufika karibu papo hapo, picha hupitia kamera na kadi kwanza, kwa hivyo sauti hutangulia. Hilo si hitilafu, ndivyo njia ilivyo.

Weka kila kitu kwenye kiwango cha sampuli za sauti cha 48 kHz: OBS kwenye Settings, Audio, na kwenye Windows fungua More sound settings, kisha Properties na Advanced kwa kila kifaa cha kuingiza sauti. Kadi ndogo za USB zenye chipu ya MS2109 hujitangaza kuwa ni 96 kHz mono ilhali zinatoa 48 kHz stereo. Usitegemee sauti yake, tumia ya mixa.

Kwenye kadi ya USB 2.0 chagua MJPEG, yaani picha zilizobanwa. Fremu moja ya 1080p ya YUY2, ambayo haijabanwa, ina takriban megabaiti 4.1, fremu 30 ni zaidi ya 120 kwa sekunde, na USB 2.0 kwa uhalisia haifiki 40. Ukiiacha kwenye YUY2 utapata fremu 5 kwa sekunde na utadhani mtandao ndio mbaya. Stima yetu ni ya 50 Hz, hivyo kamera ikae kwenye fremu 25 au 50 ili taa zisipepee, na OBS ipewe namba hiyohiyo.

Sasa mtu apige kofi mbele ya kamera, karibu na maikrofoni. Rekodi dakika moja, pima pengo, kisha kwenye OBS fungua Advanced Audio Properties na uandike milisekunde hizo kwenye Sync Offset ya mixa. Namba chanya huchelewesha sauti. Rudia kofi hadi pengo lishuke chini ya 40. Kama unachukua sauti kwa maikrofoni iliyo mbali na spika, kumbuka kila mita 10 huongeza takriban milisekunde 29, hivyo ukihamisha maikrofoni, pima upya.

Wakati wa kurusha, fungua dirisha la Stats. Rendering lag ikipanda, kadi ya grafiki imelemewa. Encoding lag ikipanda, badilisha kutoka x264, inayosimba (kubana) video kwa prosesa, kwenda NVENC ya NVIDIA au QuickSync ya Intel, zinazotumia chipu maalum. GT 1030 na RX 6400 hazina chipu ya kusimba, na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina QuickSync. Kama una kadi na prosesa yenye grafiki ndani, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows kuwaka) uwashe grafiki hiyo ibaki hai pamoja na kadi. Kwenye mazabodi nyingi kipengele huitwa iGPU Multi-Monitor. Dropped frames za mtandao haziharibu ulinganifu, zinaleta mikato tu.

Sauti ikijisogeza ghafla katikati ya ibada, tazama rekodi ya matukio ya OBS. Maneno Max audio buffering reached yanamaanisha kifaa kimoja cha sauti kilichelewa mno, na OBS ikaongeza akiba ya sauti hadi kikomo. Haitajirudi yenyewe. Subiri wimbo, funga OBS na uiwashe tena, na baada ya ibada ondoa kila chanzo cha sauti usichokitumia.

Vya kuacha

Amri ya bcdedit ya kulazimisha useplatformclock, inayosambazwa kwa wachezaji, huongeza ucheleweshaji badala ya kuupunguza. Kama uliwahi kuiweka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `bcdedit /deletevalue useplatformclock` na uwashe mashine upya. BCLK, kasi ya msingi ya mazabodi kwenye BIOS, iache kwenye 100 MHz. Programu za kuongeza kasi na za kutafuta draiva moja kwa moja, ziondoe. Mara nyingi ndizo zilizoweka draiva isiyofaa. Draiva ya sauti ichukue kwenye ukurasa wa modeli kamili ya mazabodi yako, ukisoma herufi za toleo zilizochapishwa kwenye ubao wenyewe, maana bodi mbili zenye jina moja na matoleo tofauti zinaweza kuwa na chipu tofauti za sauti.